Viatu Alivyomshonea Mama Mkwe

Viatu vile vilikuwa vizuri. Hilo hata mkewe, siku alipomkasirikia kuliko siku zote, hakulikana. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi laini ya ndama, vya kufunga kwa kamba, na soli yake ilikuwa nene ya kumfaa mtu anayesimama kutwa. Fundi alivishona taratibu bila kuharakishwa na mteja, kwa kuwa havikuwa vya mteja. Vilikuwa zawadi kwa mama mkwe wake.

Mtaani walimwita Kimya. Jina hilo alipewa na fundi saa wa kibanda cha jirani, mtu mwenye maneno kama redio, ambaye alisema ukitaka kujua kama jamaa yumo kibandani sikiliza nyundo, maana sauti yake hutaisikia. Kimya hakuwa na kiburi. Alikuwa na haya tu, haya za kuzaliwa nazo. Alipomaliza shule ya msingi aliingia kwa mzee mmoja aliyeshona viatu, akakaa naye mpaka mikono yake ikaijua kazi. Tangu hapo alizungumza na watu huku ameinamia miguu yao, na jambo hilo lilimfaa, kwa sababu mguu haukutazami usoni.

Yule mzee alikuwa na utaratibu wake, na Kimya aliurithi bila kuuhoji. Kiatu kipya hakikumaliziwa kibandani. Ulikishona, ukampa mwenyewe, naye akaenda nacho. Baada ya siku chache alirudi akichechemea, uso umekunjamana, anakuonyesha kwa kidole: hapa, fundi, hapa kinaniua. Nawe ulipiga nyundo hapo hapo, ukalainisha ngozi, ukakata uzi uliozidi, mkacheka, yakaisha. Kwa nini ujisumbue kutafuta pa kurekebisha, wakati mguu wa mteja utakuletea habari wenyewe? Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Hakuna mteja aliyewahi kupata zaidi ya lengelenge.

Mama mkwe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mwanamke mpana, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye barabara ya pili. Alikuwa mpiga pasi katika duka la kufulia nguo, kazi aliyoianza hata mkewe Kimya hajazaliwa. Asubuhi alisimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na jioni ungemkuta hapo hapo, ndani ya joto na mvuke, akinyoosha mashati ya watu asiowajua. Umeme wa mtaa ule ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo pasi ya mkaa ilikuwa karibu wakati wote. Ugonjwa wa sukari alikuwa nao miaka mingi. Siku alipoambiwa anao, aliwatangazia wenzake kazini kwamba sasa wajue kwa nini maneno yake ni matamu. Vidonge alimeza akikumbuka. Akiamka anajisikia vizuri aliviacha kabatini, kwani mtu mzima wa afya anameza dawa ya nini?

Siku moja alikuja kuwatembelea, akakaa sebuleni na kuwasimulia kisa. Kaa la moto lilichomoka kwenye pasi, likatua juu ya mguu wake, naye akaendelea kunyoosha suruali kana kwamba hakuna kitu.

"Mwenzangu ndiye aliyesikia harufu," alisema akipiga makofi. "Akasema, nani anachoma nyama humu? Kutazama chini, kumbe nyama yenyewe ni mimi!"

Wote walicheka. Mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Kimya, aliyekuwa kwenye kigoda karibu na mlango kama kawaida yake mkwe akija, alicheka pia, kichwa chini.

"Miguu yangu sasa ni ya chuma," mama mkwe alimalizia. "Nyinyi vijana mnalia mkikanyaga kijiwe."

Kidonda cha moto ule kilichukua muda mrefu mno kupona. Hilo nalo walilijua, na hakuna aliyelitia maanani. Baadaye Kimya aliirudia siku ile kichwani mara nyingi kuliko alivyotaka. Kilichomchoma hasa ni kile kicheko. Yeye, mtu ambaye riziki yake yote ilitoka kwenye miguu ya watu, alisikia mguu umeungua bila mwenyewe kujua, akacheka.

Ni baada ya ziara hiyo ndipo alipoamua kumshonea viatu. Alikuwa ameona ndala za mkwe zilivyolika upande, zimelegea, kisigino kinagusa lami. Aliona aibu. Mama wa mke wa fundi viatu anatembeaje hivyo? Akachagua ngozi bora aliyokuwa nayo.

Shida ilikuwa kupima. Kwa mtu mwingine angeuweka mguu juu ya goti lake, aupapase, apitishe kidole gumba pembeni, ajue mfupa uko wapi na sugu iko wapi. Lakini kumshika mguu mama mkwe! Kulifikiria tu kulimpandisha moto masikioni. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa hajawahi hata kumtazama yule mama machoni zaidi ya muda wa kusema shikamoo. Basi alimwomba mkewe amletee ndala moja kwa siri, akaichora juu ya boksi, akakata kwa kufuata mchoro.

"Hutaki kumpima mwenyewe?" mkewe aliuliza.

"Ndala inatosha."

"Wewe na haya zako. Siku moja zitakuponza."

Ndala iliyolegea haisemi kila kitu. Haikusema kwamba vidole vya mama mkwe vilikuwa vimeanza kujikunja kama kucha za ndege, na kwamba kile kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimejitokeza nje. Kiatu kilipokaribia kuisha, Kimya aliingiza mkono ndani kama kawaida, akapapasa, na upande huo huo wa kidole kidogo akakuta fundo la uzi. Lilikuwa gumu, kiasi cha punje ya mchele. Ili kulitoa ilibidi afumue mshono wote wa ubavuni. Akalibonyeza kwa ncha ya kidole. Akafikiri: likimsumbua atasema.

Akakifunga kiatu katika karatasi.

Mkewe ndiye aliyemvisha mama yake. Kimya alisimama mlangoni, akitazama sakafu, akaona vile viatu vyeusi vikienda na kurudi.

"Vinabana, mama?" aliuliza.

"Wapi, baba! Kama sijavaa kitu."

"Hata hapo pembeni?"

"Nimekwambia havibani. Jamani, mkwe wangu ana mikono! Kazini wataniita bibi harusi."

Hakudanganya. Kweli alikuwa kama hajavaa kitu.

Haikupita hata mwezi, mama mkwe akaja tena. Ilikuwa mchana, Kimya yuko nyumbani kwa sababu mvua ilifunga mtaa. Aliviacha viatu mlangoni, akapita sebuleni kwa soksi kwenda kukaa. Sakafu ilikuwa ya saruji, imetoka kupigwa deki. Nyuma yake kukawa na alama, kila alipotia mguu wa kulia.

"Mama, umekanyaga nini?" mkewe Kimya aliuliza.

"Maji ya mvua hayo."

Mkewe aliinama, akagusa, akanusa vidole vyake. Hayakuwa maji. Alimkalisha mama yake, akavuta ile soksi, na soksi ikagoma kutoka pembeni. Ilipokuja, harufu ilijaa chumba. Kidole kidogo kilikuwa na kidonda cha kuzama, kando yake pamekuwa peusi.

"Hee," mama mkwe alisema, akiinamisha kichwa na kukaza macho. "Hicho kimetoka wapi? Mbona mimi sina habari nacho?"

Kimya alikuwa ameshatoka mlangoni. Alikiokota kiatu cha kulia, akaingiza mkono, na kidole chake kikaenda moja kwa moja mahali pale kama mtu anayejua njia ya kwao. Palikuwa na unyevu. Fundo lilikuwepo, gumu vile vile.

Mkewe alimkuta amesimama na kiatu mkononi.

"Nini?"

"Fundo."

"Fundo gani?"

"La uzi. Nililisikia nilipokuwa namalizia. Nikaliacha."

"Ukaliacha?"

"Nilidhani atasema."

Mkewe akaingia ndani kupiga simu, kutafuta mtu wa gari.

Katika kliniki ya sukari waliwekwa mbele ya muuguzi wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Kimya alitaka kubaki nje, muuguzi akamwambia kama yeye ni mtu wa nyumbani aingie, kazi ya huyu mama haitakuwa ya mtu mmoja. Akasafisha kidonda kwa utulivu, bila kukemea. Kisha akatoa kijiti chenye uzi mmoja mwembamba wa plastiki, kama unywele mgumu wa brashi.

"Mama, fumba macho. Nitakugusa miguuni na huu uzi. Kila ukisikia, sema ndiyo."

"Haya, mwanangu."

Alifumba macho. Muuguzi akaugusisha uzi kwenye wayo, chini ya kidole gumba, mpaka uzi ukapinda. Akagusa katikati. Akagusa kisigino. Akahamia mguu wa pili, akagusa kwenye vidole, pembeni, juu. Kimya alitazama ule uzi ukipinda na kunyooka, ukipinda na kunyooka, naye akawa anasubiri neno moja tu. Kwenye wayo wake mwenyewe, ndani ya kiatu, alihisi kuwashwa.

Muuguzi alikirudisha kijiti mezani.

"Mbona huanzi?" mama mkwe aliuliza, macho bado kayafumba.

Mkewe Kimya aligeukia ukuta.

Muuguzi alivuta kiti, akaketi karibu nao. Alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza sana na bado hajachoka. Mwilini, alisema, kuna mishipa mikubwa ya damu ambayo watu huijua, na kuna midogo mno, mingine myembamba kuliko unywele, inayofika mahali mikubwa haifiki. Hiyo midogo ndiyo inayokabidhi chakula na hewa kwa nyama yenyewe. Damu ikiwa na sukari nyingi miaka na miaka, kuta za mishipa ile zinaharibika. Nyingine zinanenepa mpaka njia inabana, nyingine zinavuja, nyingine zinaziba kabisa. Haiumi. Haivimbi. Mtu anaendelea kupiga pasi zake.

"Sasa mishipa ya fahamu, ile inayoleta habari ya maumivu, nayo inakula kwa hiyo hiyo mishipa midogo. Sukari inaipiga yenyewe, halafu inainyima na chakula. Inaanza kufa kutoka mbali, kutoka vidoleni. Ndiyo maana mguu ukaungua mama hajui. Umechubuka, hajui. Na kidonda kikishatokea kinataka damu ili kipone, na damu inayofika ni kidogo."

"Na macho?" mkewe Kimya aliuliza polepole. "Siku hizi anaunguza kola za mashati. Anasema ni pasi."

"Ni pasi hiyo," mama mkwe alisema. "Imezeeka."

"Tutampima macho leo, na mkojo pia tuangalie figo. Ndani kabisa ya jicho kuna mishipa hiyo hiyo. Na figo ni mafungu ya mishipa hiyo hiyo. Ikiharibika miguuni, sikosi kuitafuta huko."

Mama mkwe akafumbua kinywa atie mzaha, akakosa. Ndiyo mara ya kwanza Kimya kumwona amekosa neno.

Yeye mwenyewe alikuwa na swali, na lilimchukua muda kulitoa.

"Sista. Kiatu nilishona mimi. Ndicho kilichofanya?"

Muuguzi alivaa miwani yake, akamtazama.

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Fundo la uzi."

"Kiatu ndicho kilichochubua. Sukari ndiyo iliyomzuia kujua, na ndiyo inayokizuia kidonda kupona. Mguu mzima ungekirudisha kiatu siku hiyo hiyo. Lakini siwezi kukudanganya kwamba kiatu hakimo."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Ajabu ni kwamba alimshukuru. Angeambiwa hana kosa asingeamini, na asingemwamini tena muuguzi kwa lingine lolote.

Daktari alisema kidole kitoke, na kitoke upesi, la sivyo uozo utapanda. Kikitoka na kidonda kikafunga, mguu utabaki. Kisipofunga, watakata juu zaidi. Aliposema "juu zaidi" aliweka kiganja chake chini ya goti, juu ya sketi ya mama mkwe, kama fundi nguo anayepima.

Kidole kikatoka. Kukaanza kungoja.

Mama mkwe alihamia kwao, akapewa chumba cha pili. Kila asubuhi mkewe Kimya alimsafisha kidonda kama alivyofundishwa, kisha akampa vidonge na kusubiri mpaka ameze. Kwa mumewe alisema maneno ya lazima tu. Chakula kilifika mezani kwa kishindo. Siku moja, akiosha vyombo, maneno yakamponyoka.

"Ulimpima mama yangu kwa kukisia, kama mtu anayenunua nyanya. Mteja wa njiani unamshika mguu, unaupapasa, unauliza hili na lile. Mama yangu ukampima kwa ndala!"

"Niliona haya."

"Haya! Mama akikatwa mguu, haya hizo atatembelea?"

Kimya alitwaa sufuria iliyokuwa mikononi mwa mkewe, akaisugua yeye. Mkewe alimwachia, akaenda kukaa kwa mama.

Kibandani nako mambo yalibadilika. Kimya alianza kumaliza viatu mwenyewe. Aliingiza mkono ndani ya kila kiatu, hata cha kubandikwa soli tu, akapapasa mpaka wateja wakaanza kunung'unika. Aliwauliza kama wanasikia miguu yao. Mtu mmoja alichukia, akadhani anaambiwa ananuka.

"Wewe bwana," fundi saa alimwambia, "umekuwa askari wa vidole? Jana umemfumbisha macho mwalimu wa watu ukamtekenya wayo hapa barabarani."

"Nilikuwa namjaribu."

"Amesema ndiyo?"

"Amesema ndiyo."

"Basi wewe nawe sema. Una mwezi mzima hulali vizuri, naona macho hayo. Sukari ulimpa wewe? Vidonge uliviacha wewe? Mimi saa ikifa mkononi mwangu nasema imezeeka, nachukua nyingine."

"Saa haimwamini fundi," Kimya alisema. Kwa fundi saa hayo yalikuwa maneno mengi kutoka kwa jirani yake, naye akarudi kwenye saa zake.

Kidonda kilikwenda taratibu mno. Kulikuwa na juma ambalo kilirudi nyuma, pembeni pakawa pekundu, na nyumba nzima ikanyong'onyea. Kimya hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti, lakini mkewe alimkuta uani ameegemea ukuta, midomo inacheza. Jioni ile chakula kilitua mezani bila kishindo. Macho ya mama mkwe yalikutwa na mishipa inayovuja, akapangiwa matibabu ili yasiendelee kuharibika. Figo zilikuwa zimeguswa kidogo. Akaacha kusema pasi imezeeka. Vidonge alivimeza sasa bila kukumbushwa, kwa hasira, kama mtu anayelipiza kisasi.

Hatimaye siku ilifika muuguzi akabonyeza kovu, akasema limefunga. Mguu umebaki. Mkewe Kimya alilia pale pale kliniki. Muuguzi hakuwaacha washangilie sana. Mishipa iliyokufa hairudi, alisema, na kidonda cha pili huja upesi kuliko cha kwanza. Kuanzia leo asitembee peku hata kwenda chooni. Miguu itazamwe kila siku na mtu mwenye macho mazuri. Na apate kiatu kipana, chenye nafasi kwa vidole, kisicho na mshono wowote ndani. Kuna mafundi wa viatu hivyo, ila foleni yao ni ndefu.

"Foleni ya nini?" mama mkwe alisema. "Fundi ninaye nyumbani."

Kimya alitangulia nje kutafuta gari.

Aliingoja siku ipite, akingoja jambo lisahaulike. Halikusahaulika. Jioni mama mkwe alimwita chumbani. Akaja mpaka mlangoni.

"Ingia, baba. Leo mlango utakuchosha."

Aliingia hatua moja.

"Nataka kiatu."

"Mama, mimi siwezi. Tutangoja wale wengine. Mimi nimeshakuumiza."

"Kwani ni kazi nyingi? Vidole vyenyewe nimeshakupunguzia kimoja."

Alingoja acheke. Kimya hakucheka. Alisimama akitazama ule mguu wenye vidole vinne juu ya kitanda. Mama mkwe akauacha mzaha.

"Sikiliza. Tangu niumwe unanizunguka kama mtu aliyeniibia. Nitakwambia jambo moja, na usimwambie mwenzio. Kile kiatu, hata ningesikia kinaniuma, nisingekwambia."

Kimya aliinua macho.

"Ningekwambiaje? Mkwe amekaa usiku na mchana kunishonea, halafu niseme kinaniua? Ningenyamaza, nikasimama nacho kwenye pasi hivyo hivyo, nikakisifia. Sasa unaona? Wewe uliona haya kunishika, mimi ningeona haya kukusema. Mguu ukabaki katikati, hauna wa kuusemea."

"Lakini fundo nililiacha mimi, mama."

"Uliliacha. Nani amekataa? Nami vidonge niliviacha. Sasa nitembee peku kwa sababu sisi wawili tuna makosa?"

Kimya aliondoka, na mkewe aliyekuwa kwenye ujia akajifanya anakunja nguo.

Kesho yake alikwenda kliniki peke yake, akiwa na kipande cha ngozi na maswali aliyoyarudia njiani ili yasimpotee. Muuguzi alimwonyesha jinsi mguu mgonjwa unavyosimama, mahali unapobeba uzito, nafasi ya kuacha mbele ya kidole kirefu. Alimwambia jambo moja la mwisho: kiatu kipya avae kwa muda mfupi, avuliwe, ngozi ikaguliwe. Wekundu usioondoka ni kilio.

Aliporudi alinawa mikono, akaingia chumbani na karatasi na penseli, akapiga magoti.

"Mama, naomba radhi."

"Pima, baba," alisema, na mtandio wake akauvuta usoni. Kimya hakujua kama anacheka au anaona haya.

Aliushika. Ulikuwa wa baridi kuliko alivyotazamia, na ngozi ilikuwa kavu kama karatasi ya zamani. Alipitisha kidole gumba kwenye wayo, akakuta sugu ya miaka ya kusimama. Akagusa kila kidole kilichojikunja, akagusa kovu. Aliushikilia kwa nguvu kidogo bila kukusudia, na mwenye mguu hakushtuka, hakuuvuta, hakusema kitu. Angeweza kuubana mpaka uvunjike. Akamwita mkewe amshikie karatasi.

Kiatu kilichukua muda kuliko vyote alivyowahi kushona. Mishono aliiweka nje, kwa hiyo hakikuwa kizuri kama kile cheusi. Kilikuwa kipana kama mashua ya watoto. Alikipapasa ndani kwa vidole, kisha kwa upande wa juu wa kiganja ambako ngozi ni laini, kisha akaingiza soksi nyembamba na kuivuta aone kama itanasa. Haikunasa.

Mama mkwe aliletwa kibandani mchana, akavishwa, akatembea kutoka mlangoni hadi kwa fundi saa na kurudi, mkono mmoja begani kwa binti yake.

"Hiki sasa ndicho," alitangaza. "Hakibani popote!"

"Kaa, mama. Tuvue."

"Nimekwambia hakibani."

"Najua. Tuvue."

Kimya akamvua, akauweka mguu kwenye goti lake, mbele ya watu, barabarani, akaugeuza kwenye mwanga. Upande wa kidole gumba palikuwa na wekundu, mdogo, usingeuona usipoutafuta. Aliugusa, akaondoa kidole, akangoja. Haukuondoka. Alimwita mkewe ahakikishe. Mkewe aliutazama, kisha akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile akaweka mkono mgongoni kwake.

"Kimekuwaje?" mama mkwe aliuliza. "Mimi sioni kitu."

"Kinagusa hapa, mama. Nafumua."

"Utafumua kiatu kizima kwa alama ya kuumwa na mbu?"

"Ndiyo."

Alitandika kitambaa safi juu ya boksi, akaiweka miguu ya mama mkwe hapo, akachukua kisu na kuanza kukata uzi wa mshono mmoja baada ya mwingine. Mteja mmoja alifika na viatu vyake vimekatika kamba, akakuta mama mtu mzima amekaa peku mbele ya kibanda kama malkia.

"Shikamoo mama. Fundi ana kazi nyingi leo?"

"Marahaba. Ana kazi moja tu, mwanangu, ila hataki iishe. Rudi kesho."

Fundi saa aliangua kicheko. Mkewe Kimya naye akacheka. Kimya aliinamia ngozi, akaendelea kukata uzi.